Leadville kwa Kipimo cha Kibarua

Kabla hujainua kamera mbele ya jumba lolote la Leadville, mji wa milimani katika jimbo la Colorado, Marekani, weka kichwani namba moja: dola tatu. Huo ndio ulikuwa ujira wa siku wa mchimba madini mjini hapo mwaka 1880. Miaka kumi na sita baadaye, mwaka 1896, wachimbaji walikuwa bado wanazigombania dola tatu zilezile.

Waswahili tuna neno linalofaa kwa hesabu hii. Kabla ya kuwa jina la mtu wa kazi za kutwa, kibarua kilikuwa barua ndogo: kikaratasi cha kuonyesha kwamba fulani leo amefanya kazi na anastahili kulipwa. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga kikaratasi hicho kilikua kikawa kipande, kadi ya siku thelathini za kazi, na aliyeijaza ndiye aliyepata mshahara. Basi katika makala haya kibarua kimoja ni dola tatu, yaani siku moja ya mtu mmoja chini ya ardhi. Nilijaribu kwanza kuzigeuza bei za wakati ule ziwe dola za leo, kama wanavyofanya wengi, nikaishia na tarakimu ndefu zisizosema kitu. Vibarua vinasema.

Mji wenyewe uko mita 3,094 juu ya usawa wa bahari, mwendo wa kilomita 160 hivi kutoka Denver. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ataelewa upesi: Leadville iko juu ya kituo cha Mandara, kilicho mita 2,720, na chini ya Horombo, kilicho mita 3,720. Tofauti ni kwamba hapa kuna shule, posta na watoto wanaoendesha baiskeli. Mgeni hutembea nusu ya mtaa na begi la kamera kisha hujifanya anatazama dirisha la duka ili apumue.

Ziara hii haihitaji mwongozaji wala tiketi. Majengo mengi makuu yako kwenye barabara moja, Harrison Avenue, kati ya namba 308 na namba 912, na yaliyobaki hayako mbali nayo. Sensa ya mwaka 1880 ilihesabu hapa watu 14,820. Ya mwaka 2020 ilihesabu 2,633. Penye watu zaidi ya watano wakati ule, leo yupo mmoja. Ndiyo sababu majengo yapo. Mji uliotajirika mfululizo hubomoa na kujenga upya. Uliofilisika hauna hata pesa za kubomolea. Serikali ya Marekani iliutangaza mwaka 1961 kuwa eneo la kihistoria la kitaifa, na kufikia wakati huo hali ngumu ilikuwa imeshafanya kazi ya uhifadhi kwa miaka zaidi ya sitini bila kulipwa.

Jambo moja la mpiga picha, kisha turudi kwenye pesa. Harrison Avenue inakwenda kaskazini na kusini, na majengo mawili yanayotafutwa zaidi, jumba la opera la Tabor na hoteli ya Delaware, yako upande wa mashariki yakitazama magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni mwao na unachopata ni kuta nyeusi chini ya anga nyeupe. Yanataka jua la alasiri. Ila Julai na Agosti, baada ya adhuhuri, mawingu ya radi hujikusanya juu ya milima hii karibu kila siku. Nenda Septemba. Mimi nilikwenda Julai, na nina picha arobaini za kuta nyeusi asubuhi na kumi na mbili za mvua mchana.

Jumba la opera ndilo la kwanza, lakini bei yake inaanzia dukani. Mwezi Aprili 1878 Horace Tabor alikuwa mwenye duka wa makamo ambaye alikuwa amehangaika na migodi ya Colorado kwa karibu miaka ishirini bila kutajirika. Wakaja wachimbaji wawili waliokuwa hawana kitu, August Rische na George Hook, wakaomba posho. Tabor aliwapa chakula na zana vya dola 17 hivi, kwa sharti la theluthi moja ya chochote watakachokipata. Dola 17 ni vibarua visivyofika sita. Baada ya wiki chache wawili hao waligonga mwamba wa fedha uliokuja kuitwa Little Pittsburg, na mwaka uliofuata Tabor aliuza sehemu yake kwa dola milioni moja. Hivyo ni vibarua 333,333. Mtu anayeshuka shimoni siku 300 kwa mwaka angezipata baada ya miaka 1,111, asiponunua hata mkate.

Hadithi hii husimuliwa kama hadithi ya bahati, na bahati ilikuwapo. Jicho langu liko kwenye theluthi. Aliyetoa posho ya siku sita alipata fungu lililolingana na la aliyeshika sururu, na waliochimba waliuza mafungu yao mapema kwa sehemu ndogo ya kile alichokuja kupata yeye. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na katika mji wa machimbo kisu hicho ni duka. Tabor hakuishia hapo. Aliununua mgodi wa Matchless kwa dola 117,000, vibarua 39,000, au miaka 130 ya mtu mmoja. Tutaufikia mwishoni mwa barabara ya mashariki.

Kwa pesa hizo akajenga ukumbi. Ulifunguliwa tarehe 20 Novemba 1879, matofali, ghorofa tatu, viti 880, baada ya siku 100 tu za ujenzi. Gharama inayotajwa mara nyingi ni dola 40,000, yaani vibarua 13,333. Ukigawanya kwa siku, ni ujira wa watu 133 kila siku kwa siku 100 mfululizo. Ukigawanya kwa viti, kila kiti ni vibarua kumi na vitano. Reli ilikuwa bado haijafika. Treni ya kwanza iliingia Leadville Julai 1880. Vioo, vyuma na mapambo vilikuja kwa magari ya kukokotwa na nyumbu, kupitia njia za milimani kama Mosquito Pass, ambayo inapita mita 4,000 na ushei. Ukipiga picha ya dirisha la juu, kumbuka kwamba kila kilichofika hapa kutoka tambarare kilikwenda kwanza juu ya mawingu, ndipo kikateremka.

Mahali ulipojengwa ukumbi palikuwa na nyumba ya mbao ya Tabor na mkewe Augusta. Ilihamishwa ikapelekwa mtaa wa tano, na iko huko hadi sasa, ndogo, ya kawaida, nyumba ambayo ungepita bila kugeuza shingo. Ipige. Hizo picha mbili zikiwekwa pamoja, nyumba na ukumbi, ni umbali wa miaka miwili.

Tukiruka hadi mwaka 2016, halmashauri ya mji iliununua ukumbi huo kwa dola 600,000 ili usianguke. Hapo hesabu ya vibarua inageuka kuwa ya kushangaza. Kima cha chini cha mshahara Colorado mwaka huo kilikuwa dola 8.31 kwa saa. Siku ya saa nane ni dola 66.48, na dola 600,000 ni siku 9,025. Yaani jumba lililogharimu siku 13,333 likiwa jipya, likiwa na nakshi na miaka 137 ya historia, liliuzwa kwa siku 9,025. Atakayesema kwamba mtu wa kima cha chini si sawa na mchimbaji wa 1879, nakubali. Lakini weka mshahara wa mchimbaji wa leo badala yake, na bei inazidi kushuka. Sababu haina siri. Ukumbi wa aina hii haukuli kwa bei ya kuununua. Unakula kwa paa, kwa matofali yanayomeguka kila majira ya baridi maji yakiganda ndani yake, kwa nyaya na mabomba. Bei ndogo ya mwanzo ndiyo ishara ya bili kubwa inayokuja, na bili hiyo imeangukia watu 2,633.

Kutoka hapo panda kaskazini mitaa minne hadi hoteli ya Delaware, pembeni mwa mtaa wa saba. Ndugu watatu wa ukoo wa Callaway, waliotoka jimbo la Delaware, waliijenga mwaka 1886 kwa dola 60,000. Vibarua 20,000. Simama ng'ambo ya barabara uipate yote, kisha ulinganishe na kitu ambacho hakimo mjini: mkufu. Tarehe 1 Machi 1883 Tabor, ambaye alikuwa amemwacha Augusta, alimwoa Elizabeth McCourt, maarufu kama Baby Doe, katika hoteli moja ya Washington. Alikuwa mjumbe wa Seneti kwa mwezi mmoja tu, akijazia nafasi ya mwingine, na Rais Chester Arthur alihudhuria harusi. Gauni la bibi harusi linatajwa kuwa la dola 7,000 na mkufu aliopewa wa dola 75,000. Vibarua 25,000 shingoni mwa mtu mmoja. Hoteli nzima, yenye ghorofa tatu, vyumba, ngazi na maduka ya chini, ilikuwa na upungufu wa vibarua 5,000 kuufikia.

Ndio maana nasema majengo ya Leadville yanadanganya kidogo. Ukiyatazama unadhani unaona utajiri wa migodi. Unaona salio. Kilichojengwa mjini kilikuwa chenji; noti zilikwenda Denver, Chicago, New York na Washington.

Makanisa nayapita haraka, si kwa dharau. Kanisa Katoliki la Annunciation, lililoanza kujengwa mwaka 1879, liko mashariki kidogo ya Delaware, na mnara wake mwembamba ndio unaoonekana kwanza kutoka mbali, lipige asubuhi. Hapo ndipo Margaret Tobin, binti wa familia maskini ya Waayalandi, alipofunga ndoa na J. J. Brown mwaka 1886, miaka ishirini na sita kabla hajanusurika katika meli ya Titanic. Sinagogi la Temple Israel la mwaka 1884, la mbao, liko mtaa wa nne magharibi kwenye kiwanja alichokitoa Tabor. Yote mawili ni madogo, na yote mawili yamedumu kuliko pesa zilizoyajenga.

Sasa lugha yetu inatusaidia mara ya pili. Kwa Kiswahili fedha ni madini, na fedha ni pesa. Kwa Leadville ya miaka ile hilo halikuwa fumbo la maneno, lilikuwa sera ya serikali. Sheria ya mwaka 1890 iliilazimu hazina ya Marekani kununua wakia milioni 4.5 za fedha kila mwezi. Mnunuzi wa namna hiyo ni ndoto ya kila mwenye mgodi: hachoki, habishani, hafilisiki. Ila Juni 1893 serikali ya India, chini ya Waingereza, ilifunga karakana zake za sarafu kwa watu binafsi waliokuwa wakipeleka fedha kutengenezewa rupia. Ndani ya siku chache wakia moja ilishuka kutoka senti 83 hadi senti 62, robo ya thamani imekwenda. Novemba mwaka huohuo sheria ya ununuzi nayo ikafutwa.

Rupia hizo ni zilezile zilizokuwa zikipita mikononi mwa watu Zanzibar, Mombasa na Bagamoyo. Mchuuzi wa karafuu na mchimbaji wa Colorado hawakujuana, lakini amri iliyotoka India iliwagusa wote wawili katika wiki moja: mmoja kupitia sarafu iliyo mfukoni, mwingine kupitia shimo lililofungwa. Na kama unataka ukubwa wa machimbo haya kwa kipimo cha pwani, hesabu inayotolewa kwa wilaya nzima ya Leadville hadi miaka ya 1960 ni wakia milioni 240 hivi za fedha, takriban tani 7,465. Rupia moja ya India ilikuwa na gramu 10.7 za fedha safi. Milima hii ilitoa fedha ya kutosha rupia milioni 700.

Jambo ambalo wengi hawalipigi picha ni kiwanja cha Jumba la Barafu, kwa sababu hakuna cha kupiga. Kiko magharibi ya Harrison Avenue, kati ya mtaa wa saba na wa nane, nyumba za kawaida na mteremko. Mimi nilipiga picha tatu za pale na ndizo ninazozipenda kuliko zote.

Baada ya kuanguka kwa bei ya fedha, wakubwa wa mji walitafuta kitu cha kuwarudisha watu, wakaamua kujenga kasri la barafu. Lilifunguliwa tarehe 1 Januari 1896. Minara ya mlangoni ilipanda mita 27, ndani kulikuwa na uwanja wa kuteleza juu ya barafu, kumbi za dansi na sanamu ya mwanamke, ya barafu pia, akinyoosha mkono kuelekea migodini. Ziliingia tani 5,000 za barafu za kipimo cha Kimarekani. Ni karibu mita za ujazo 4,950. Ukizimwaga kwenye uwanja wa mpira wa kawaida zitafika juu kidogo ya goti la golikipa. Gharama inayotajwa ni dola 20,000, vibarua 6,667.

Hapa namba zenyewe zinagombana, na ugomvi wao unafaa kusikilizwa. Inasimuliwa kwamba watu 250 walifanya kazi kwa siku 36. Zidisha: siku 9,000 za kazi. Kwa ujira wa mchimbaji hizo ni dola 27,000, na bado hujanunua ubao wala msumari. Gharama yote eti ilikuwa dola 20,000. Basi ama hawakuwapo wote kila siku, ama waliokuwapo hawakulipwa dola tatu, na kwa mji uliokuwa na watu wengi wasio na kazi, mimi nadhani ni yote mawili.

Kasri lilifungwa tarehe 28 Machi. Siku 88, mwaka ule ukiwa mrefu. Kiingilio cha mtu mzima kilikuwa nusu dola. Ili kurudisha dola 20,000 zilihitajika tiketi 40,000 za watu wazima, katika mji ambao sensa zote mbili, ya kabla na ya baada, hazikufikisha watu 13,000. Wageni walikuja kwa treni, wakaingia, wakastaajabu, wakarudi kwao jioni hiyohiyo bila kulala. Mji ukala hasara, jua la Machi likafanya mengine.

Ishike hiyo nusu dola. Ndiyo namba ninayotaka uondoke nayo kuliko zile za mamilioni. Mwezi Juni mwaka huohuo, chini ya siku mia moja baada ya kasri kufungwa, chama cha wachimbaji kilidai watu wote walipwe dola tatu kwa siku, kwa sababu karibu theluthi yao walikuwa wanapewa mbili na nusu tangu bei ya fedha ilipoanguka. Tofauti ilikuwa nusu dola: tiketi moja ya Jumba la Barafu. Wamiliki walikataa. Waligoma watu 968, na wenye migodi wakajibu kwa kufunga hata ile iliyokuwa ikilipa dola tatu, wakawatoa nje wengine 1,332.

Piga hesabu ya madai. Watu 968 mara nusu dola ni dola 484 kwa siku. Gharama ya kasri lililoyeyuka ingewalipa nyongeza hiyo kwa siku 41. Najua waliolipia kasri na wamiliki wa migodi hawakuwa mfuko mmoja, ingawa majina kadhaa yalikaa pande zote mbili. Lakini vipimo ni vipimo. Septemba kundi lenye silaha liliushambulia mgodi wa Coronado, mashariki kidogo ya mji, likauchoma moto. Watu walikufa, askari wa jimbo wakaletwa. Machi 1897 mgomo ulikwisha bila nyongeza. Ulikuwa wa pili kushindwa. Ule wa Mei 1880 ulidai dola nne na zamu ya saa nane, ukavunjwa kwa amri ya kijeshi, na Tabor, wakati huo naibu gavana, alisimama upande wa wamiliki. Jumba lake la opera lilikuwa na miezi sita tu.

Sasa chukua mtaa wa saba kuelekea mashariki, ukilipita kanisa, na panda kama kilomita mbili hadi Matchless. Kwa gari ni dakika chache; kwa miguu, kwenye hewa hii, tenga saa nzima. Barabara inapita kati ya vichuguu vya mawe yaliyotolewa chini, njano, kijivu, rangi ya kutu, na hapo ndipo unapouona ukubwa ambao Harrison Avenue inauficha. Mwaka 1983 serikali iliiweka California Gulch, bonde lote hili, kwenye orodha ya maeneo yaliyochafuliwa yanayolazimika kusafishwa: kilomita za mraba 47 hivi, na vilima vya taka za migodi zaidi ya 2,000. Mji una jina la madini ya risasi, na risasi hiyo ilikuwa kwenye udongo wa nyua wanamocheza watoto. Miaka michache tu kabla ya hapo pato kubwa la wilaya lilikuwa mgodi wa molibdenamu wa Climax, uliokuwa na wafanyakazi takriban 3,000. Ulipowapunguza mwanzoni mwa miaka ya 1980, mji ulibaki na taka za zamani bila mishahara mipya. Ukiona leo mbio za maili 100 na maduka ya baiskeli, ujue yalizaliwa hapo. Mbio zilianza 1983, mwaka uleule wa orodha.

Njia ya baiskeli na miguu inayozunguka mji, Mineral Belt Trail, ina urefu wa kilomita 18.7 na ilikamilika mwaka 2000. Sehemu zake zimejengwa juu ya mavi ya chuma, kama wahunzi wetu wanavyoyaita, yaliyobaki kwenye tanuri za kuyeyushia. Kwa picha za machimbo ni bora kuliko barabara, na hakuna kiingilio.

Matchless wenyewe ni mnara wa mbao juu ya shimo na kibanda kando yake. Tabor alifilisika pamoja na fedha mwaka 1893, akafa mwaka 1899 akiwa postamasta wa Denver, kazi ya mshahara. Wanasema akiwa kitandani alimsihi Baby Doe asiuachilie mgodi. Wanahistoria wengi hawaiamini hadithi hiyo, na mgodi ulikuwa umeponyoka kwa madeni hata hivyo. Baby Doe aliishi ndani ya kibanda hiki kwa zaidi ya miaka thelathini. Machi 1935 walimkuta ameganda kwa baridi sakafuni. Aliyevaa vibarua 25,000 shingoni alikufa katika chumba kisichozidi banda la zana. Picha yake ni rahisi kupita kiasi. Kila mgeni anayo, na karibu zote zinafanana. Mimi nilielekeza kamera upande mwingine, magharibi, ambako mlima Elbert, mita 4,401, na Massive, mita 4,398, inajaa anga yote na mji unakuwa mstari mwembamba chini yake.

Rudi mjini kwa gari kama unalo, maana kituo cha mwisho kiko upande wa pili kabisa, kaskazini-magharibi, na unatakiwa ufike kabla jua halijazama. Ni makaburi ya Evergreen. Sehemu ya mbele ina mawe ya marumaru yenye majina. Endelea hadi kwenye misonobari, kwenye eneo lililotengewa Wakatoliki wasio na uwezo wa kulipa. Wamezikwa hapo watu zaidi ya 1,300, wengi wao Waayalandi, baadhi kutoka rasi ya Beara ambako walikuwa wakichimba shaba kabla ya kuvuka bahari. Wengi walikuwa vijana, na wengi walikuwa watoto wachanga. Mwaka 2023 ulifunguliwa mnara wa kumbukumbu wenye majina yao, na unastahili picha yake.

Makaburi yenyewe hayana mawe. Mbao zilizowekwa zilishaoza, majeneza yalishaanguka, na ardhi ikadidimia na kuacha vijishimo virefu vimejaa sindano za misonobari. Saa sita mchana huvioni kabisa, unaona msitu. Ngoja hadi saa kumi na moja jioni, jua likiingia chini ya matawi kutoka magharibi, piga goti ushushe kamera karibu na ardhi. Kivuli kinaanza kujaa katika kila kishimo, kimoja baada ya kingine, safu kwa safu, na hapo unaweza kuvihesabu.